Jino Kubwa Mbele ya Nyumba Yetu

Meno ya bibi yangu yalizama baharini siku ya Jumatatu, mwanzoni mwa Julai 1947, na aliyeyazamisha ni mimi. Nalisema hili mapema kwa sababu wakati ule nilichukua siku tisa kulisema, na katika siku hizo tisa nusura niangamize kijiji kizima.

Nilikuwa na miaka tisa. Jina langu ni Tryphena, ila pale Ragged Cove, kaskazini mwa Newfoundland, hakuna aliyekuwa na muda wa jina refu hivyo, kwa hiyo niliitwa Triffie. Baba na mama walikuwa wamepanda kaskazini hadi pwani ya Labrador kuvua chewa, kama kila kiangazi, nami nikaachwa kwa Bibi Keziah. Watu wa Ragged Cove hawakuzidi sabini. Mtu mzima yeyote alikuwa mjomba wako au shangazi yako, awe ndugu au asiwe, na alikuwa na ruhusa ya kukuchapa.

Meno yenyewe yalikuwa ya bandia. Miaka miwili nyuma meli ya abiria ilituletea daktari wa meno, akakaa kutwa moja, akang'oa watu kumi na wanne, kisha akaondoka na vipimo vya kinywa cha Bibi. Miezi minne baadaye meno yakaja ndani ya mkebe wa biskuti. Yalikuwa meupe mno, tena makubwa kidogo. Bibi akicheka, meno yanatangulia kucheka, yeye anafuata. Aliyavaa kwenda kanisani na kugombana na watu. Muda mwingine yalikaa dirishani kwenye kikombe cha maji, yakiangalia bahari.

Jumatatu hiyo Bibi alikuwa nyuma ya nyumba anaanika nguo. Nikayatoa kwenye kikombe, nikayapachika juu ya meno yangu mwenyewe, nikaenda mpaka mwisho wa gati letu. Nilitaka kuwa Bibi. Bibi ndiye aliyekuwa akiongoza kwaya, na ile sauti ya juu kabisa mwishoni mwa wimbo, ambayo wengine wote waliiogopa, aliipanda peke yake. Wanakwaya wangu walikuwa shakwe saba waliokaa kwenye boriti. Nikawainulia mikono. Nikapanda. Nilipofika kwenye ile sauti ya juu nikafungua kinywa chote, na meno yakatoka pamoja na wimbo.

Chubwi. Basi.

Maji yalikuwa maangavu siku hiyo. Niliyaona yakishuka taratibu, yakifunguka kidogo na kufumba, kama yana neno yanataka kuniambia kabla hatujaachana.

Laiti ningekimbia palepale nikasema, ningekula fimbo nne na jioni ningekula viazi. Lakini nilipogeuka nikamwona mbuzi wa Shangazi Drusilla chini ya dirisha letu. Mbuzi huyu aliitwa Kapteni. Alishakula kitabu kimoja cha nyimbo, pazia la shule, na mguu mmoja wa suruali ya Mjomba Azariah. Mtu angedhani Ibilisi ndiye aliyemfunga pale kunisaidia.

"Bibi!" nikapiga kelele. "Bibi we! Kapteni kala meno yako!"

Bibi alikuja mbio na shuka begani. Akatazama kikombe, akamtazama mbuzi. Kapteni alikuwa anatafuna. Kapteni alikuwa anatafuna siku zote.

"Umemwona?"

"Nimemwona kwa macho yangu. Yalikuwa yanalia kru-kru."

Hakuna aliyeniomba hiyo kru-kru. Niliiongeza mwenyewe, kwa kupenda kazi yangu.

Shangazi Drusilla alikaa nyumba ya pili. Yeye na Bibi walikuwa majirani miaka arobaini, na kanisani walikaa bega kwa bega, Drusilla akishikilia sauti ya chini ili Bibi apate pa kurukia. Alikuja akifuta mikono kwenye aproni.

"Keziah, mbuzi wangu hali mifupa."

"Meno shi mifupa!" Bibi alifoka. Bila meno, kila S ilimtoka ikiwa SH, na hilo lilimtia hasira zaidi. "Mtoto kamwona!"

Shangazi Drusilla akainama mpaka uso wake ukawa mbele ya uso wangu. "Triffie, mwanangu. Umeona?"

"Nimeona, Shangazi. Kru-kru."

"Basi huyu mtoto anaota mchana."

Hapo Bibi akasema neno. Nilikuwepo, nililisikia, na sijawahi kulisahau. Alisema, "Wewe Drushilla hujui kutunza kitu. Hata mwanao Hezekiah alikukimbia. Miaka shita yuko Boston, hata barua hana."

Kapteni mwenyewe aliacha kutafuna. Shangazi Drusilla alinyooka polepole, akamshika mbuzi wake pembe moja, akaondoka naye. Alipofika kwake akafunga mlango, mlango ambao tangu nizaliwe sikuwa nimewahi kuuona umefungwa mchana.

Kijiji kilikaa kikao. Iliamuliwa Kapteni afungiwe bandani, naye Mjomba Azariah, kwa kuwa alikuwa mzee na hakwenda tena baharini mbali, apewe kazi ya kukagua kinyesi cha mbuzi. Kila asubuhi alikwenda na kijiti chake na kila asubuhi alipita mbele ya nyumba yetu na taarifa.

"Bado, Keziah!"

"Tafuta shana!"

"Natafuta, mama! Kama kuna anayejua kutafuta zaidi, kijiti hiki hapa!"

Nami nimekaa mezani, nausukuma mkate huku na huku kwenye sahani. Nilipokuwa nikilala nilifikiria chini ya gati, meno yanangoja gizani, na samaki wanapita wakiyaangalia.

Jumapili Bibi hakwenda kanisani. "Shitoki," alisema, akavuta shali mdomoni, akageukia ukutani. Mimi nilikwenda. Shangazi Drusilla alikaa mahali pake, na pembeni mwake palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Tuliimba. Wimbo ukapanda, ukapanda, ukafika pale ambapo Bibi huruka, na hakuna aliyeruka. Sote tuliishia njiani, tukabaki tunatazama vitabu vyetu. Baada ya ibada wazee wakasema hapana budi Kapteni achinjwe Jumatano, atazamwe tumboni.

Shangazi Drusilla alisema tu, "Haya." Aliisema kwa sauti ya chini ile ile ya kwaya.

Jumatatu niliamka kwa sababu mwanga wa chumbani haukuwa wa kawaida. Dari lilikuwa jeupe lenye ubuluu, na lilikuwa linatikisika kidogo. Pumzi yangu ilitoa moshi. Julai! Nikavuta pazia.

Bahari haikuwepo. Mbingu haikuwepo. Mbele ya dirisha letu palikuwa na barafu.

Milima ya barafu tuliijua. Kila mwaka ilipita huko mbali ikishuka kutoka kaskazini, kila mmoja na safari yake, nasi tuliitazama kama watu wanavyotazama magari kwenye barabara isiyo yao. Lakini hili pande lilikuwa limeingia ndani. Lilikuwa limepita katikati ya ncha mbili za mdomo wa ghuba yetu, likakwama chini, likasimama, limetuelekea. Kanisa letu lingewekwa juu ya bega lake, lingeonekana kama shakwe aliyepumzika. Jua lilikuwa limelipiga ubavuni na maporomoko madogo ya maji yalikuwa yanashuka kutoka juu yakimetameta. Lilikuwa na mipasuko ya buluu iliyoingia ndani sana, buluu ya mahali ambapo hakuna mtu. Na lilikuwa na sauti. Ukisimama kimya ulisikia mchachato, kama mafuta yanayochemka kwenye kikaango, ndani ya baridi ile yote.

Kijiji kizima kilikuwa kimetoka. Wanaume walivua kofia, na sidhani walijua kuwa wamezivua. Watu waliongea kwa kunong'ona.

"Ni merikebu ile," alisema mmoja. "Tazama matanga."

"Merikebu gani? Huyo ni farasi kapiga magoti."

Mimi nilitazama mara moja tu nikajua ni nini. Juu lilikuwa na vilele viwili butu na bonde katikati. Chini, pale maji yalipoligusa, lilizungukwa na mstari wa buluu kama ufizi. Lilikuwa ni jino. Gego, tena la Mungu mwenyewe. Limetumwa, limefika, limesimama mlangoni kwa mwenye kesi.

Nilirudi nyuma hatua moja. Lakini nasema kweli, na woga wangu wote sikuweza kuacha kulitazama. Lilikuwa zuri kuliko kitu chochote nilichowahi kuonyeshwa, na ajabu yake ndiyo iliyoniumiza: kwamba kitu kikubwa namna ile, kizuri namna ile, kimejisumbua kwa ajili ya mwongo wa miaka tisa.

Bibi alitoka. Ilikuwa mara yake ya kwanza wiki nzima. Alisimama kizingitini, shali mdomoni, akatazama muda mrefu. Uso wake ulibadilika, ukawa kama wa mtu aliyeitwa jina lake mbele za watu. Kisha akarudi ndani, akajilaza, na hakunywa chai.

Mashua hazikuweza kutoka. Siku ile hakuna aliyevua. Hilo nalo nikalijumlisha kwenye hesabu yangu: sasa nimewafungia watu riziki.

Jumanne mchana Mjomba Azariah akabisha hodi. "Keziah, nakwenda kuokota vipande vinavyoelea. Nikuletee kimoja cha fizi?"

"Niletee."

"Basi niazime huyu kipusa. Mashua yangu inavuja, nahitaji mtu wa kutoa maji."

Nilimtazama Bibi aseme hapana. Akasema, "Vaa koti."

Nilikaa nyuma na kopo langu. Mjomba Azariah alipiga makasia akiwa ameligeuzia mgongo lile pande, mimi nikiwa nimelikabili, na kila pigo la kasia lilikuwa linanipeleka kwa hakimu. Lilikua. Unadhani kitu kimemaliza kukua, nacho kinakua tena. Baridi ilitoka kwake ikatupiga usoni, ina harufu ya jiwe lililolowa. Nilisikia ule mchachato ukizidi.

"Ni nini kinachochemka, Mjomba?"

"Hewa. Iliganda humo kabla babu wa babu yangu hajazaliwa. Sasa inatoka." Akaacha makasia. "Tunaishia hapa. Hawa hawasogelewi. Akitaka kupinduka hapigi hodi."

Tulikuwa mbali kidogo, labda mwendo wa kutoka kanisani hadi shuleni, na bado lilikuwa limefunika nusu ya dunia. Mjomba aliokota kipande cha barafu majini, kisafi kama kioo, akakipasua kwa nyundo, akanipa kidogo ninyonye. Kilitoa milio midogo juu ya ulimi wangu. Nikafikiri, hewa ya zamani inaniingia, na inakuta uongo huko ndani.

"Mjomba. Unaamini linajua?"

"Linajua nini?"

"Mambo."

Akageuka kulitazama, akanigeukia mimi. Alikuwa na macho madogo yenye maji siku zote.

"Triffie," alisema, "mimi nimechokoa kinyesi cha mbuzi siku nane. Kama una neno kifuani mwako, nakuomba sana, sema."

Nikasimama. Hupaswi kusimama kwenye mashua, nami nilijua. Sikumwambia yeye, nililiambia lile jino, kwa sauti yote niliyokuwa nayo.

"Kapteni hakula! Niliyatumbukiza mimi!"

Na barafu ikanijibu. "Mimi," ilisema kutoka juu. "Mimi," ikasema kutoka kwenye ile mipasuko ya buluu. Kisha palikuwa kimya, hata mchachato nadhani uliacha, na ndipo nikasikia mlio ambao uliniingia kupitia ubao wa mashua, miguuni, kabla haujafika masikioni.

"Kaa chini," Mjomba alisema taratibu sana.

Halikuwa na haraka. Vile vilele viwili viliinama upande mmoja kama mzee anayesinzia kanisani, vikainama zaidi, na upande wa pili bahari ikavimba. Kitu kikaanza kutoka chini. Kilitoka, kikatoka, hakikwisha. Kilikuwa kijani kama chupa, halafu buluu, halafu rangi ambayo sijapata jina lake hadi leo, laini kama kimelambwa, na maji yalikuwa yanamwagika kutoka kwake kwa mapana na ngurumo. Vile vyeupe tulivyovizoea vilikuwa vimezama vyote. Huu uliopaa ulikuwa upande ambao jua halikuwahi kuuona tangu uumbwe, na kati ya watu wote duniani waliokuwepo kuutazama ni mzee mmoja na mimi. Nilisahau kuogopa. Nilisahau meno. Nilikuwa mdomo wazi, na machozi yananitoka, na sikuwa nalia.

"Ee Bwana wangu," alisema Mjomba Azariah. Halafu, "Shika ubao!"

Aligeuza kichwa cha mashua kuelekea wimbi kwa mapigo matatu. Likatuinua. Nikaona mapaa ya nyumba zetu kwa juu, nikaona bomba la moshi la Bibi, nikaona ndani ya banda la Kapteni. Tukashuka, tumbo likabaki juu. La pili likatuinua, na la tatu, kila moja dogo kuliko lililopita, mpaka tukawa tunayumba tu katikati ya vipande vya barafu. Kofia ya Mjomba ilikuwa imekwenda. Maji yalitufika vifundoni na kopo sijui liko wapi.

"Umeona?" aliuliza, sauti yake imekuwa ya kijana.

"Nimeona."

Wimbi lilivunja gati letu na vichanja vitatu vya samaki, lakini hakuna mtu aliyeumia. Ufukweni Bibi alikuwa majini mpaka magotini na nguo zake zote, na Shangazi Drusilla alikuwa amemkumbatia kiuno kwa nyuma, amekita visigino kwenye kokoto ili asizidi kwenda. Wote wawili walikuwa wanamtukana Azariah kwa pamoja.

"Mzee mwendawazimu wewe!"

"Mtoto wa watu!"

Niliruka kabla mashua haijagusa. "Kapteni hakula meno! Mimi niliyavaa, nikayaangusha gatini!"

Bibi, ambaye kwa muda wa robo saa alikuwa ameshanizika, alinitazama kama nasema lugha nyingine.

"Na ile kru-kru?" aliuliza Shangazi Drusilla.

"Nilitunga, Shangazi."

"Siku nane," alisema Mjomba Azariah nyuma yangu. "Siku nane, na kijiti."

Bibi alinikumbatia kwanza na kunichapa baadaye, na katikati hapakuwa na mapumziko. Kisha akanishika mkono, tukatoka vile vile tumelowa hadi bandani, kijiji kizima nyuma yetu, akaniamuru nimwombe Kapteni radhi.

"Kwa shauti."

"Kapteni, nisamehe. Nilikusingizia."

Kapteni alinisikiliza vizuri. Halafu akala kifungo cha koti langu.

Jioni, jua bado liko juu kama linavyokaa wakati wa kiangazi, Bibi alikaa karibu na jiko na kipande cha barafu kwenye fizi. Nilikuwa nimenyimwa jamu kwa mwezi mzima na nilikuwa mwepesi kama manyoya. Nikamweleza kuhusu jino, kwamba nilijua tangu asubuhi ya jana kwamba limenijia mimi.

Hakucheka. Alitoa barafu kinywani.

"Mimi nilidhani limenijia mimi," alisema.

"Wewe, Bibi? Umefanya nini?"

"Ulikuwepo. Ulishkia." Aliinamia mikono yake. "Wewe ulishema uongo, ukamwumiza mbuzi. Mimi nilishema kweli, ili imwumize mwenzangu."

Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mtu mzima anaweza kulala macho wazi akiuelekea ukuta kwa sababu kama zangu. Niliuona uso wake bila meno, umeingia ndani, mdogo, na nikaona ningeweza kuutazama usiku kucha nisiufahamu wote, kama vile lile pande la barafu.

Akasimama, akajifunika shali begani na si mdomoni, akavuka kwenda kwa Shangazi Drusilla. Mlango ukafunguliwa. Kupitia dirisha lake niliwaona wamekaa pande mbili za meza. Bibi aliongea. Shangazi Drusilla aligeuza uso ukutani, akakaa hivyo muda mrefu, mpaka nikadhani haitawezekana. Kisha akanyoosha mkono akachukua birika, akamimina vikombe viwili, na huku anamimina alikuwa analia.

Nilikuwa kizingitini nilipoona lile pande linasogea. Lilipopinduka lilikuwa limejinasua kule chini, na maji yaliyojaa yalikuwa yamelibeba. Lilikuwa linatoka, bila mlio wowote, buluu yote, limebeba jua la jioni ndani yake. Nikapiga kelele, "Bibi! Linaondoka!"

Walitoka wote wawili na vikombe mikononi, wakasimama mlangoni kwa Drusilla. Watu wakatoka kwenye nyumba nyingine pia. Lilipita katikati ya zile ncha mbili kwa adabu, bila kugusa huku wala huku, likageuka kusini. Nilitaka kulipungia mkono, nikaona haya, halafu nikalipungia hata hivyo.

Bahari ilirudi mahali pake. Baadaye kidogo Shangazi Drusilla alinusa hewa, akasema viazi vinaungua, nao wakarudi ndani.